Mbunge, mswada na pesa za umma: dhana isiyotaka kufa

Mwezi huu pekee nimeambiwa na watu watatu, mmoja wao akiwa msaidizi wa mbunge, kwamba mbunge wa kawaida hawezi kuleta mswada unaogusa pesa, na kwamba bila baraka za Waziri wa Fedha atakuwa anapoteza wino. Nimewaandikia wabunge na maseneta wa Kenya miswada kwa miaka mingi, na sijaona dhana iliyozika mapendekezo mengi mazuri kuliko hii.

Chimbuko lake linajulikana. Katiba ya zamani, iliyotumika hadi Agosti 2010, iliagiza katika kifungu cha 48 kwamba Bunge lisishughulikie mswada wa kutoza kodi au wa kutumia pesa za hazina ila kwa pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Tanzania wangali na sharti la namna hiyo katika Ibara ya 99 ya Katiba yao, na anayefuatilia vikao vya Dodoma anaweza kudhani kwamba Nairobi mambo ni yaleyale. Sivyo. Ibara ya 109 ya Katiba yetu ya 2010 inaruhusu mswada uletwe na mbunge yeyote au kamati yoyote ya Bunge husika, ingawa ule wa fedha huanzia Bunge la Kitaifa pekee. Kisha Ibara ya 114 inaeleza kwamba Spika akiona hoja inahusu mambo ya fedha yaliyotajwa humo, Bunge litaendelea nayo kwa kufuata pendekezo la kamati husika, baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Neno lililotumika ni maoni, wala si idhini. Nimewahi kumsomea mteja ibara hiyo mara tatu kwa sauti, naye akaondoka akisema kwamba ataenda kuomba ruhusa ya Waziri.

Tena si kila mswada unaotaja shilingi ni mswada wa fedha. Ibara hiyo inahesabu kodi, matumizi na utunzaji wa pesa za umma, mzigo unaotwikwa mfuko wa umma, mikopo na dhamana zake, pamoja na mambo yanayoambatana na hayo. Biashara ya watu binafsi haimo. Mwaka 2000, chini ya Katiba ileile ya zamani, Joe Donde, mbunge wa Gem, aliwasilisha mswada wa kurekebisha Sheria ya Benki Kuu ili kudhibiti riba, na Bunge likaupitisha. Mwaka 2016 Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, alifanikisha mabadiliko ya Sheria ya Benki yaliyozuia riba ya mikopo kupita asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, na Rais Uhuru Kenyatta akayatia sahihi mwezi Agosti. Wote wawili waliwakosesha wenye benki usingizi bila kugusa senti ya hazina.

Nakiri kwamba lugha nayo inatuponza. Kila mwaka serikali huleta Mswada wa Fedha wa kodi, na baada ya ule wa 2024, uliozua maandamano, jina hilo limekuwa kinywani mwa kila mtu, hata ikaonekana kana kwamba hakuna mswada mwingine wa fedha isipokuwa wa serikali.

Kwa kweli wateja wangu wengi hujikwamisha wenyewe. Mtu huja na wazo zuri la kurasa mbili, na kabla chai haijapoa ameshaongeza mamlaka mpya, bodi ya watu tisa, mkurugenzi mkuu na mfuko maalumu. Hapo ndipo mswada usiokuwa wa fedha unapogeuka kuwa wa fedha, ukakaa kwa kamati miezi na miezi, naye akalaumu Wizara. Ushauri wangu, ambao husikilizwa mara chache, ni kutafuta sheria iliyopo, kurekebisha vifungu viwili au vitatu, na kuikabidhi kazi hiyo taasisi ambayo tayari ina bajeti yake.

Dhana nyingine potofu ni nyepesi kuzijibu. Neno "binafsi" katika mswada wa mbunge binafsi, yaani ule usioletwa na serikali, linamhusu anayeuleta, halihusu watakaotawaliwa nao: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilianza kama mswada wa mbunge mteule Njoki Ndung'u, na inamfunga kila mtu nchini. Mbunge hahitaji kuwa wakili, kwa kuwa pendekezo lake hupitia kwa Karani wa Bunge, ambaye ofisi yake ina wanasheria wa kuliandika upya. Hata mwananchi asiye mbunge anaweza, kwa Ibara ya 119, kuliomba Bunge kwa maandishi litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Wengine hudhani kwamba Rais akikataa kutia sahihi, mswada umekufa. Ana siku 14 za kuukubali au kuurudisha pamoja na sababu zake. Akinyamaza, unahesabiwa kuwa umekubaliwa, na akiurudisha, theluthi mbili ya wabunge wanaweza kuupitisha bila kujali pingamizi lake. Ni kweli kwamba theluthi mbili ni mlima. Mwaka 2019 Rais alirudisha Mswada wa Fedha akitaka udhibiti wa riba wa Njomo uondolewe, kura za kumpinga hazikupatikana, na ilipofika Novemba udhibiti huo ukawa umefutwa.

Kinachoua miswada kwa hakika ni kalenda. Muhula wa Bunge ukiisha kabla mswada haujapitishwa, unakufa nao, na lazima uletwe upya katika Bunge jipya. Kwa hiyo mbunge anayenijia miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, akitaka sheria mpya kabisa, mimi humwuliza kwanza kama ana hakika ya kurudi.