Vitabu vya kuchagua njia: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kifungu cha 1 kinakuweka mbele ya mdomo wa pango na kukuuliza: utaingia, au utauzunguka mlima? Ukiingia, nenda 143. Ukizunguka, nenda 56. Wewe ndiye mhusika mkuu, una penseli na dadu mbili, na kurasa hazifuatani. Hiki ndicho kitabu cha kuchagua njia: vifungu vyenye namba, na uchaguzi wako ndio unaokuambia usome kipi baadaye. Kwa kuwa ni hadithi na ni mchezo kwa pamoja, wapenzi wa riwaya hukiona chepesi na wapenzi wa michezo hukiona cha kizamani. Mengi yanayosemwa juu yake hayasimami ukikaa nacho jioni moja, na hayasimami kabisa ukijaribu kukiandika.

“Ni vitu vya watoto vya miaka ya 1980”

Miaka hiyo ndiyo iliyovieneza, lakini haikuvizaa. Mwaka 1930 Doris Webster na Mary Alden Hopkins walichapisha Marekani kitabu kilichomwachia msomaji maamuzi ya mapenzi, ndoa na kazi, mambo ya watu wazima kabisa. Kilichotokea mwaka 1982, pale Steve Jackson na Ian Livingstone walipotoa The Warlock of Firetop Mountain nchini Uingereza, ni kwamba mapigano ya dadu, mazimwi na mikoba ya vifaa vilimfikia msomaji wa kawaida akiwa peke yake, bila kuhitaji kundi la wachezaji.

“Ni bahati ya dadu tu”

Hapa pana ukweli nusu, na inafaa kuuchambua vizuri.

Chukua kanuni za kitabu hicho cha 1982. Kabla ya kuanza unatupa dadu moja na kuongeza 6. Hiyo ndiyo alama yako ya Ustadi, kati ya 7 na 12. Vitani kila upande hutupa dadu mbili na kujumlisha Ustadi wake. Mwenye jumla ndogo hupoteza alama 2 za Nguvu, yaani za uhai wake. Zikilingana hakuna anayeumia.

Sasa mkutanishe shujaa na jitu lenye Ustadi 10. Shujaa mwenye Ustadi 12 atashinda mizunguko kama 66 kati ya 100. Mwenye Ustadi 7 atashinda kama 16 na kupoteza kama 76. Wote wawili wanasoma kitabu kilekile, wanachagua njia zilezile, lakini mmoja ameshahukumiwa na dadu moja aliyoitupa kabla ya kusoma sentensi ya kwanza. Kwa hiyo anayelalamikia bahati ana hoja, ila anaielekeza pasipo pake. Dadu za vitani hazimuui shujaa dhaifu. Kinachomuua ni mwandishi aliyeweka jitu la Ustadi 10 kwenye njia isiyo na mchepuko. Ukiandika na ukaruhusu shujaa wa 7, mwachie pa kupita: mlinzi wa kuhongwa, dirisha la nyuma, dawa ya usingizi aliyoiokota vifungu ishirini nyuma.

Hata alama ya Bahati, unayoitumia kwa mfano kupunguza jeraha, ni akiba inayoliwa. Unatupa dadu mbili. Ukipata jumla isiyozidi alama yako, umebahatika, lakini kila ukijaribu alama inashuka kwa 1. Aliyeanza na 9 ana nafasi 30 kati ya 36 katika jaribio la kwanza. Jaribio la nne litamkuta na 6, na nafasi zimebaki 15 kati ya 36. Mchezaji makini huanza kujiuliza kama jeraha hili dogo linastahili kutumiwa Bahati, au bora aumie sasa apate kupona mbele. Hayo ni maamuzi, tena magumu. Na wapo walioziacha dadu kabisa: Heart of Ice cha Dave Morris, cha mwaka 1994, hakina hata moja. Unachagua stadi zako mwanzoni, kisha unaishi na ulichochagua.

“Kila uchaguzi huzaa hadithi mpya”

Kama ingekuwa hivyo, hakuna ambaye angemaliza kuandika. Hadithi yenye maamuzi kumi, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, huhitaji vifungu 2,047, na msomaji angepita 11 tu kabla ya kufika mwisho. Kile cha 1982 kina vifungu 400, na mtu huzama humo kwa saa nyingi.

Siri yake ni kwamba njia hukutana tena. Unapita msituni au mtoni, lakini jioni utafika kijijini. Wengine wakigundua hili hujiona wamelaghaiwa, wakasema basi uchaguzi wao haukuwa na maana. Mimi nasema uzito wa uchaguzi hauko kwenye wingi wa matawi bali kwenye kumbukumbu ya kitabu. Aliyepita msituni ameingia kijijini na jeraha na pete ya mzee aliyemsaidia. Aliyepita mtoni hana jeraha, lakini hana pete. Kijiji ni kimoja. Usiku wanapobisha mlango wale wanaomtafuta mwenye pete, hadithi si moja tena. Kumbukumbu hiyo hubebwa na vifaa ulivyoandika kwenye karatasi yako, au na neno la siri: “Andika TUMBILI.” Vifungu mia baadaye kitabu kinauliza kama una neno TUMBILI, na ndipo unajua kwamba ule ukarimu mdogo ulionekana.

“Kitabu kigumu ni kile chenye vifo vingi”

Soma hiki:

*Njia inagawanyika. Ukienda kushoto, nenda 87. Ukienda kulia, nenda 212.*

Kifungu cha 212 kinasema umetumbukia shimoni, umekufa. Huo si ugumu. Msomaji hakukosea chochote, kwa hiyo hana alichojifunza isipokuwa kutomwamini mwandishi. Linganisha na hiki:

*Njia inagawanyika. Kushoto ngazi zinashuka, na hewa inayotoka huko ni ya moto, ina harufu ya manyoya yaliyoungua. Kulia sakafu ni kavu na imefagiwa. Hakuna hata utando wa buibui. Ukishuka, nenda 87. Ukifuata sakafu safi, nenda 212.*

Shimo ni lilelile, kifo ni kilekile. Lakini sasa msomaji akitumbukia anajipiga paji la uso: nani hufagia sakafu ndani ya pango lililotelekezwa? Alikuwa na dalili mbili, akaogopa ile ya wazi na kuipuuza iliyojificha. Atarudi mwanzo kwa hamu, si kwa hasira. Nisiposhika jambo jingine lolote katika uandishi huu nitashika hili: msomaji ajue, hata nusunusu, anahatarisha nini.

“Kuweka kidole kwenye ukurasa ni kudanganya”

Karibu kila mchezaji huacha kidole pale alipochagua ili arudi mambo yakiharibika, na waandishi wanajua. Vifungu huchanganywa namba kwa makusudi ili jicho lisidokoe matokeo kwenye ukurasa huohuo. Ipo na mbinu kali zaidi: funguo unazookota zina namba, na kwenye kufuli la mwisho unazijumlisha ili kupata kifungu cha kwenda. Asiye na funguo hana pa kwenda. Kuchungulia kwa msomaji anayejifunza ramani hakudhuru chochote, nami simkatazi mtu.

“Kompyuta imeviua, na kuviandika kunahitaji kujua programu”

Mwaka 1999 mwandishi Joe Dever aliruhusu vitabu vyake vya aina hii, mfululizo wa Lone Wolf, visambazwe bure kwenye intaneti, na vingali vinasomwa. Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, zana ya bure inayokuonyesha vifungu vyako kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Unaandika maneno, unaweka kiungo, basi. Hata hivyo rundo la kadi na penseli vinatosha kwa hadithi ya kwanza. Weka vifungu 40 au 50, anza na mwisho unaoutaka, rudi nyuma ukijiuliza msomaji lazima awe na nini mkononi ili kuustahili. Namba zichanganye mwisho kabisa, la sivyo utazirekebisha kila siku. Kisha mpe mtu acheze mbele yako, nawe usiseme neno. Pale anaposita na kusoma kifungu mara ya pili kabla ya kuchagua, usipaguse. Pale anapochagua bila hata kusoma, paandike upya.