Pikseli Nyingi Hazikifanyi Kioo Kiwe Kizuri

"Ipi ina 1080?" Yaani, ipi ina kioo chenye mistari 1080 ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha? Ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeingia dukani hapa Dodoma kutafuta konsoli ya mkononi, na kwa wengi ndilo la mwisho pia. Akishaambiwa Steam Deck ni 1280 kwa 800 na ROG Ally ni 1920 kwa 1080, kazi imekwisha, anatoa pesa. Dhana hii imechosha.

Pikseli hazihesabiwi peke yake, zinapimwa pamoja na ukubwa wa kioo. Switch ya kwanza ya Nintendo, ya 2017, ina inchi 6.2 na 1280 kwa 720, yaani pikseli kama 237 kwa kila inchi. Switch OLED ya 2021 ina pikseli zilezile, ila zimetandazwa kwenye inchi 7, hivyo zimeshuka hadi 210. Kwa hesabu ya mteja wetu, ya zamani ndiyo bora! Ziweke mezani pamoja, fungua sehemu ya gemu yenye pango au usiku. Kwenye LCD, kioo cha ile ya 2017, weusi unageuka kijivu kwa sababu taa ya nyuma inawaka muda wote. Kwenye OLED kila pikseli inajizima yenyewe. Ubishi unaishia hapo.

Halafu kuna mzigo wa chipu. 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600. 1280 kwa 800 ni 1,024,000. Kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, chipu ya Ally inachora mara mbili. Gemu nzito ikianza kukwama, mwenye Ally anashusha hadi 720p (1280 kwa 720), na sasa kila pikseli ya gemu inatakiwa ijaze pikseli moja na nusu ya kioo, kwa upana na kwa kimo. Haigawanyiki, ndiyo maana maandishi yanaingia ukungu. Amelipia 1080 ili aangalie 720 iliyofifia, wakati 800 ya Deck inaonekana safi kwenye kioo chake. Asiyeshusha analipa kwa chaji: betri ya Ally ya 2023 ni 40 Wh (wati-saa), ikivutwa wati 30 inakata kwa saa moja na dakika 20. Kwenye basi la Dar, hata Gairo hujafika.

Legion Go ya kwanza, konsoli nyingine yenye 2560 kwa 1600, angalau ina njia ya kutokea. Weka gemu 1280 kwa 800, washa ukuzaji wa namba kamili (integer scaling) kwenye mipangilio ya picha, na kila pikseli ya gemu inakuwa mraba wa pikseli nne za kioo bila ukungu. Faida ya kweli ya 1080 kwenye inchi 7 ni maandishi madogo ya Windows. Kama hiyo ndiyo shida yako, nunua.

Dhana nyingine za dukani ni hizi. "120Hz, kwa hiyo gemu zinakwenda fremu 120." Hapana. Hz ni uwezo wa kioo kujichora upya kwa sekunde, fremu kwa sekunde ni kazi ya chipu. Kwenye Deck ya LCD funga gemu nzito kwenye fremu 40: kila moja inakaa milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60. Kwenye Deck OLED, ambayo ni 90Hz, funga 45. Ally na Switch 2 zina VRR, kioo kinafuata kasi ya fremu, kwa hiyo mteremko mdogo hauonekani sana.

"Switch OLED inatoa picha kali zaidi kwenye TV." Haitoi. Ikiwa kwenye doki, kitako cha kuiunganisha na TV, inatoa 1080p ileile ya Switch ya kawaida.

"OLED inaungua mapema." Inaweza kuungua, yaani kubaki na alama ya picha, kwa picha isiyobadilika, mwanga wa juu na saa nyingi mno. Shusha mwanga ndani ya nyumba, acha izime yenyewe usipocheza, basi.

"Ina niti 1000, nitachezea juani." Niti ni kipimo cha mwangaza. Zile 1000 za Deck OLED ni za HDR, picha maalumu zenye mwanga mkali zaidi; picha ya kawaida inafika 600. Deck ya LCD ni 400, Ally 500. Jua la saa saba pale Nyerere Square linazishinda zote; kaa kivulini.

Na ile "nailoni ya kiwandani" juu ya kioo cha Switch OLED na Switch 2, tafadhali usiibandue! Si ya kufungashia. Inazuia vipande vya kioo kutawanyika kikipasuka. Protekta inabandikwa juu yake. Kwenye Deck ya kioo kisichoakisi, protekta ya kung'aa inaua kazi yenyewe uliyolipia, hivyo chukua ya mati au acha wazi. Vumbi letu lina mchanga: lipulize kwanza, kisha pitisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukisugua likiwa kavu, kioo kinachubuka.