Kiungio cha kugawa uzito hakiongezi uwezo wa gari

Huko Marekani na Kanada, wavutaji wengi wa karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) huamini kwamba kiungio cha kugawa uzito, yaani kiungio chenye vyuma vya springi kati ya gari na karavani, kinaruhusu pikapu kuvuta kupita kikomo cha kiwanda. Si kweli, na imani hiyo ni ya hatari.

Karavani ya kilo 3,000 kwa kawaida hukandamiza nyuma ya gari kwa kilo 300 hadi 450. Mkia unazama, pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na tairi za mbele, zinazotegemewa zaidi wakati wa kufunga breki, zinapungukiwa mshiko. Vyuma vya springi vya kiungio hurudisha sehemu ya uzito huo kwenye ekseli ya mbele, na kiasi kwenye ekseli za karavani. Breki, injini na fremu hubaki vilevile.

Pima kimo cha tao la gurudumu la mbele kabla ya kuunganisha, kisha baada ya kukaza vyuma, ili uone kama uzito umerudi mbele.