Ukoko, ganda, utando: cha jibini na cha theluji tukiiteje?

Safari iliyopita nilipokwenda Tabora nilimpelekea bibi jibini. Bonge la mviringo, limevishwa koti jekundu linalong'aa. Alilichokonoa kwa ukucha, akabandua kipande, akakikanda kati ya vidole viwili, kisha akakipeleka puani.

"Mjukuu wangu, hiki ni nini?"

"Nta, bibi."

"Nta ya nyuki gani isiyonukia asali?"

Nilikuwa nimesahau naongea na nani. Bibi amekulia kwenye mizinga, na nta anaijua kama anavyoijua chumvi. Na alikuwa sahihi: koti jekundu la jibini kama Edam kwa kawaida ni parafini, kitu cha mafuta ya petroli, hakijawahi kuona nyuki. Akaniuliza tena, "Na ganda lenyewe linaliwa?" Hilo "ganda" lake ndilo lililonikalisha chini. Kwa nini hakusema ukoko?

Tuanze kwenye sufuria. Ukoko ni chakula kilekile, wali au ugali, kilichoshika chini kwa moto kikakauka na kuungua kidogo. Haubanduliwi, unakwanguliwa kwa mwiko, na watoto wanaugombania. Pwani wengine wanauita matandu. Utando ni kitu kingine kabisa: uko juu, mwembamba, laini. Uji ukipoa unafanya utando, maziwa yaliyochemka nayo yanafanya utando, na ukiunyanyua kwa kijiko unakunjamana kama kitambaa kibichi. Ganda lina mwili wake na linabanduka, kama la chungwa, la ndizi au la yai. Mti una gome, samaki ana magamba, kidonda kikianza kupona kinafunga kigaga. Na vitabu vya jiografia, vilipotaka jina la tabaka la juu la sayari yetu, vilichagua ganda: ganda la dunia.

Kwa hiyo Kiswahili hakiulizi tu kama kitu ni kigumu kwa nje. Kinauliza kiko juu au chini, kimefanywa na moto au na baridi, kinabanduka au kinakwanguliwa.

Mfaransa hana shida hiyo. Neno lake *croûte* linabeba mkate, jibini, kidonda, theluji na hata ganda la dunia. Picha iliyochorwa vibaya nayo ni *croûte*, na kupata kitu kidogo cha kutafuna ni "kuvunja croûte". Mhispania ana *corteza*, ambalo ni gome la mti kwanza, halafu ngozi ya mkate, ya jibini, na ganda la dunia. Mjerumani anagawa: jibini ina *Rinde*, neno lilelile la gome la mti, lakini theluji ina neno lake peke yake, *Harsch*. Kiingereza nacho kinatenga *rind* ya jibini na *crust* ya mkate na theluji.

Hilo la gome ningependa watu wa Tabora walisikilize vizuri. Huku gome si takataka ya mti. Linavuliwa likiwa zima kama mkono wa shati, linafungwa pande mbili, linapandishwa juu ya mti, na hapo ndipo asali ya miombo inapokaa. (Mti uliovuliwa hivyo hufa, ndiyo maana siku hizi wafugaji wanahimizwa kutumia mizinga ya mbao.) Ukimwambia mtu wa Sikonge kwamba Mjerumani anaita ngozi ya jibini "gome", hatashangaa hata kidogo. Gome ni chombo, linatunza kilichomo ndani.

Na ndiyo kazi yake kwenye jibini. Jibini ngumu ikishatolewa kwenye maji ya chumvi na kuwekwa rafuni, upande wa nje unapoteza maji kuliko wa ndani, unakaza, na ndani panabaki salama kuendelea kukomaa. Parmigiano Reggiano ya Italia inakaa hivyo miezi 12 kwa uchache. Ngozi yake ni jibini tupu iliyokauka, na Waitaliano hawaitupi, wanaitumbukiza kwenye supu ikachemka humo hadi ilainike. Camembert ina jambo lingine: weupe wake wa nje ni kuvu, *Penicillium camemberti*, iliyopandwa makusudi, na inaliwa pamoja na jibini. Kwa hiyo majina yangu ni haya. Ya Parmigiano, ganda. Ya Camembert, utando wa kuvu. Lile koti jekundu la bibi si lolote kati ya hayo, ni nta ya parafini tu, na haliliwi.

Theluji ndiyo ngumu kuipatia jina, kwa sababu hatuna. Iliyoko Kilimanjaro wengi wetu tumeiona kwenye picha. Mambo yenyewe yanakwenda hivi: mchana jua linayeyusha theluji ya juu, usiku baridi inaigandisha, asubuhi juu pamekuwa pagumu na chini bado ni laini kama unga. Upepo mkali unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuishindilia, na hata mvua inayonyesha juu ya theluji kisha ikaganda. Waswidi na Wanorwe huiita *skare*, Warusi *nast*. Wafini wana neno ninalolipenda kuliko yote, *hankikanto*, yaani theluji inayobeba: ile ya asubuhi za mwisho wa baridi, unapoweza kutembea juu yake bila kuzama popote utakapo. Wajerumani wana neno la kinyume chake, *Bruchharsch*, ile inayokuvunjikia kila hatua.

Majina haya si mapambo. Hapo panapobeba mtu ni barabara, na pasipobeba ni mtego. Mvua ikiganda juu ya theluji, kulungu wa nchi za baridi hawawezi kuchimba kufikia malisho. Rasi ya Yamal huko Urusi ilipoteza makumi ya maelfu ya kulungu kwa njia hiyo katika baridi ya 2013 kuelekea 2014.

Nimewahi kuona mtu ameandika "ukoko wa theluji". Naelewa alichotaka, lakini kila nikisoma nanusa wali ulioungua. Ukoko ni wa chini na ni wa moto. "Utando wa theluji" nao unanipa kitu cha kukunjamana, si cha kukanyagwa. "Ganda la theluji" linakaribia, ingawa ganda hubanduka, na hili halibanduki.

Nilimweleza bibi yote hayo, tukiwa tumemaliza nusu ya jibini kwa chai ya rangi. Alisikiliza, akafuta kisu kwenye kanga.

"Si kama jaruba tu hilo? Mpunga umevunwa, maji yamekauka, udongo umeshika juu. Chini bado tope. Mtoto anapita, ng'ombe anazama."

Umeshika. Tangu siku hiyo nikikutana na *skare* kwenye maandishi naandika "theluji iliyoshika", na nikikutana na *Bruchharsch* naandika "theluji iliyoshika juujuu". Ile nta nyekundu bibi aliifinyanga kidonge, akazibia tundu la ndoo ya kuku.