Je, kilti haifai kambi ya skauti?

Wengi huamini kwamba kilti, vazi la wanaume wa Uskoti linalofanana na sketi, ni la harusi na gwaride tu, na kijana akiivaa kambini atapigwa baridi. Si ajabu, picha nyingi tunazoziona ni za sherehe. Lakini asili yake ni milimani: mwishoni mwa karne ya 16 ilikuwa shuka kubwa la sufu, mchana vazi, usiku blanketi. Ya leo inaweza kula mita 7 za kitambaa, nyingi zikiishia kwenye marinda ya nyuma.

Huko Uskoti skauti huruhusiwa kuivaa kama sare. Kanuni za sare husomwa na yeyote. Kuhusu baridi, kilti ya sufu hutunza joto hata ikilowa kidogo. Jaribu: lowesha kidogo soksi ya sufu na ya pamba, kisha zivae. Utaihisi tofauti. Ila kilti ya polista huyeyuka ikipata cheche za moto.