Fonti ya mwandiko wa mkono: ijaribu kwanza na neno "dagaa"

Mi nadizaini lebo na mabango hapa Mwanza, na kila wiki lazima aje mteja anataka "maandishi kama ya mkono", wengine wanakuja kabisa na picha ya boti waliyopiga soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, jina limechorwa ubavuni kwa brashi, herufi nene zinapanda zinashuka, wanasema nataka hivi hivi. Nawaelewa. Herufi za namna ile zinakwambia kuna mtu nyuma ya hii bidhaa.

Sasa kuna dada anafungasha dagaa wa kukaanga, nikamtengenezea lebo kwa fonti ya mwandiko, yaani herufi za kompyuta zilizochorwa kama za mkono, akaiangalia weee, akasema kaka mbona kama imeandikwa na mashine? Na alikuwa sahihi kabisa. Dagaa ina a tatu, mbili zimekaa pamoja, na zote tatu zilikuwa zinafanana hadi kamkia. Fundi wa brashi hawezi kuandika hivyo, a ya kwanza brashi imejaa rangi, ya mwisho inaanza kukauka na mkia unarefuka kwa sababu neno limeisha. Fonti ya kawaida ina a moja tu inairudiarudia. Zilizotengenezwa vizuri zina a mbili au tatu na zinapishana zenyewe, ila kwenye programu nyingine mpaka uwashe herufi mbadala. Na cheki vizuri, nyingine zimewekewa oo na ll za kupishana lakini aa hakuna, maana Kiingereza aa haitokei sana, wakati sisi tuna dagaa, saa, maandazi, taa! Andika na ng'ombe uone kama kale kaalama hakajaacha pengo.

Kuna fonti inaitwa Mistral, ya mchora herufi Roger Excoffon, ya mwaka 1953, ilitokana na mwandiko wake mwenyewe na herufi zake zinashikana, ukiiandika kwa herufi kubwa tupu haisomeki, usifanye. Fonti ya Comic Sans watu wanaitukana sana lakini mi naitetea, Vincent Connare wa Microsoft aliichora 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye kompyuta anaongea kwa Times New Roman, fonti rasmi kama ya gazeti, yaani ilikuwa ya maneno machache ya katuni, kosa ni la anayeandikia mkataba.

Kwa hiyo jina la bidhaa sawa, ubao wa sato wa kuchoma sawa, kadi ya mwaliko sawa, maneno mawili matatu na yawe makubwa. Tarehe ya kuisha muda na namba ya simu weka fonti iliyonyooka, 1 na 7 za mwandiko zinachanganya na mteja anapiga kwa mtu mwingine.

Ya yule dada fonti haikuwa na a mbadala, nikaligeuza neno zima kuwa mchoro, a ya kati nikaibana kidogo, ya mwisho nikaivuta mkia mpaka chini ya g. Akasema hii sasa ndo yangu.