Bili ya umeme, moshi na Springfield: dhana potofu tunazoishi nazo hapa Illinois

Tukikutana msibani au harusini, iwe Rogers Park hapa Chicago au kule Moline, haichukui muda kabla mazungumzo hayajafika kwenye bili ya umeme. Hapo lazima atatokea mtu aseme, "Hayo ni mambo ya Washington, sisi wageni tutafanya nini?" Wenzake wataitikia kwa kichwa na habari itaishia hapo. Kauli hiyo ina makosa mawili, na yote mawili tunayalipia: kwa fedha zetu na kwa vifua vya watoto wetu. Nimeona niyaandike, pamoja na mengine yanayoandamana nayo.

Dhana: Umeme na hewa vinaamuliwa Washington

Kwa sehemu kubwa vinaamuliwa Springfield, makao makuu ya jimbo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, ya mwaka 1970, inaweka kiwango ambacho jimbo haliruhusiwi kushuka chini yake. Kuwa kali zaidi ya hapo, jimbo linaruhusiwa. Magari mapya ndiyo yana utaratibu wa pekee: California inaweza kuomba ruhusa ya kuweka viwango vyake, na majimbo mengine yakaamua kuvifuata. Ruhusa hizo Bunge la Marekani na Rais walizifuta mwaka 2025, na California ikaenda mahakamani.

Viwanda na mitambo ya umeme ni habari nyingine. Kibali cha bomba la moshi mara nyingi hutolewa na idara ya mazingira ya jimbo. Bei ya kufikishiwa umeme nyumbani kwako inaidhinishwa na tume ya jimbo, Illinois Commerce Commission. Na umeme wa makaa ya mawe ukome lini, hilo limeandikwa kwenye sheria ya jimbo iliyosainiwa na Gavana JB Pritzker tarehe 15 Septemba 2021. Mitambo ya makaa ya kampuni binafsi mwisho wake ni 2030, na kufikia 2045 umeme wote unatakiwa usitoe hewa ya ukaa.

Hata pale Washington ilipogoma, majimbo hayakukaa kimya. Massachusetts na wenzake, majimbo 12 kwa jumla na Illinois ikiwemo, waliipeleka idara ya mazingira ya taifa mbele ya Mahakama ya Juu. Mwaka 2007 walishinda kwa kura 5 dhidi ya 4, na gesi zinazopasha dunia joto zikatambuliwa kuwa ni uchafuzi unaoguswa na Sheria ya Hewa Safi.

Dhana: Kiwanda kikiwa na kibali, basi hewa yake ni salama

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inatufanya tutulie.

Willowbrook ni kitongoji kizuri magharibi mwa Chicago, chenye shule na nyumba za watu wenye uwezo wao. Kampuni ya Sterigenics ilikuwa ikisafisha vifaa vya hospitali huko kwa gesi iitwayo ethilini oksaidi, na ilikuwa na kibali. Mwaka 2016 wataalamu wa idara ya mazingira ya taifa walihitimisha kwamba gesi hiyo inasababisha saratani kwa nguvu kuliko ilivyodhaniwa awali. Wakazi walikuja kuyajua hayo Agosti 2018, ripoti ya serikali kuhusu hewa ya mtaa wao ilipotoka.

Walichofanya ni somo tosha. Akina mama na akina baba ambao hawakuwa wanasiasa walijaza kumbi za mikutano, wakawaandama wabunge wao, wakadai hewa ipimwe. Februari 2019 idara ya mazingira ya jimbo ilitoa amri ya kuifunga kwa lakiri mitambo inayotumia gesi hiyo. Juni mwaka huohuo jimbo likawa na sheria mpya ya kuibana. Kampuni ilikana kwamba inawadhuru watu, lakini Septemba 2019 ilitangaza kwamba haitafungua tena pale. Kanuni mpya ya taifa kuhusu gesi hiyo katika viwanda vya aina hiyo ilikuja kutoka Machi 2024, takriban miaka mitano baada ya jimbo kuchukua hatua.

Sasa linganisha na Pilsen na Little Village, mitaa ya Wamexico wenye kipato cha chini ndani ya Chicago. Mtambo wa Fisk ulianza kuchoma makaa ya mawe pale mwaka 1903, na wa Crawford mwaka 1924. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba moshi wa mitambo hiyo miwili unahusika na vifo vya mapema 41 kila mwaka. Wakazi walipigana kwa takriban miaka kumi, na mitambo ikafungwa 2012. Mmoja wa viongozi wao, Kimberly Wasserman, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka uliofuata. Willowbrook ilichukua mwaka mmoja na kidogo, Pilsen miaka kumi mizima. Tofauti hiyo inauma, na wengi wetu tunapanga nyumba kwenye mitaa inayofanana zaidi na Pilsen.

Dhana: Bili imepanda kwa sababu ya sola na upepo

Hapa lazima tuwe wakweli pande zote. Sheria ya 2021 ina gharama zake, na utaziona zimeandikwa kwenye bili yako. Anayekuambia nishati safi haigharimu kitu anakudanganya.

Lakini tazama yaliyotokea. Zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Illinois unatoka kwenye nyuklia, ambayo haitoi moshi. Sheria ilipokuwa inajadiliwa, mtambo wa nyuklia wa Byron ulikuwa mbioni kufungwa, na siku yenyewe iliyopangwa ilikuwa 13 Septemba 2021. Siku hiyohiyo Seneti ya jimbo ikapitisha muswada. Mitambo iliyokuwa hatarini ikapewa bei maalumu, kwa sharti kwamba soko likipanda juu ya bei hiyo, ziada inarudi kwa wateja. Wengi waliona hiyo ni zawadi kwa matajiri. Kisha bei ya gesi asilia ikaruka, na kuanzia Juni 2022 wateja wa ComEd, kampuni inayosambaza umeme Chicago na kaskazini mwa jimbo, wakaanza kuona punguzo kwenye bili zao, lililotokana na kifungu hichohicho.

Mshtuko wa kiangazi cha 2025 nao ulikuwa na chanzo kingine. ComEd iko ndani ya soko la umeme la PJM linalogusa majimbo 13. Huko mitambo hulipwa ili iwe tayari wakati wa mahitaji makubwa, na bei ya huduma hiyo ilipanda kutoka dola 28.92 hadi dola 269.92 kwa megawati kwa siku. Vituo vya data vinavyomeza umeme vimechangia, mitambo ya zamani inayofungwa imechangia, na foleni ndefu ya miradi mipya inayosubiri kuunganishwa kwenye gridi nayo imechangia. Mingi ya miradi iliyokwama kwenye foleni hiyo ni ya sola, upepo na betri. Mwishoni mwa Oktoba 2025 wabunge wa Illinois walipitisha sheria nyingine inayotaka betri za gigawati 3 kufikia 2030, na bei hizo zilikuwa sehemu ya sababu.

Dhana: Nishati safi ni siasa ya chama kimoja

Waulize jamaa zetu wa Moline na Rock Island. Wakivuka tu mto Mississippi wako Iowa, jimbo la wakulima lililotangulia mengine yote kuyalazimisha makampuni kununua umeme wa nishati jadidifu, mwaka 1983. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa unatokana na upepo. Texas ilipitisha sheria yake mwaka 1999, ikasainiwa na George W. Bush alipokuwa gavana. Na sheria kubwa ya Illinois iliyotangulia ile ya 2021 ilisainiwa Desemba 2016 na Bruce Rauner, gavana wa Republican.

Dhana: Sola ni ya wenye nyumba

Mpangaji wa ghorofa ya tatu anaweza kujiunga na shamba la sola lililoko mbali, na thamani ya fungu lake ikakatwa kwenye bili yake. Kwa wenye kipato kidogo kuna mpango wa jimbo, Illinois Solar for All, uliotokana na ile sheria ya 2016. Tahadhari moja: anayegonga mlango akitaka kuiona bili yako, usimpe. Ile namba ya akaunti inatosha kukuhamishia kwa muuzaji mwingine wa umeme.

Dhana: Makampuni yameshawanunua wote, tunapoteza muda

Rushwa ilikuwepo, tena kubwa. Mwaka 2020 ComEd ilikiri mpango wa kumpendeza Michael Madigan, Spika wa miaka mingi wa baraza la wawakilishi la jimbo, kwa kuwapa watu wake kazi na mikataba, ikakubali kulipa dola milioni 200. Madigan alitiwa hatiani Februari 2025 na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu.

Lakini hadithi haikuishia kwa Madigan. Desemba 2023 tume ya jimbo ilizikataa hati za mipango ya gridi za ComEd na Ameren, kampuni ya umeme ya kati na kusini mwa jimbo, ikapunguza sana nyongeza walizoomba. Kesi ya bei huchukua hadi miezi 11, na ndani yake wananchi wanaruhusiwa kutoa maoni. Citizens Utility Board, chombo kilichoundwa na bunge la jimbo mwaka 1983 kuwatetea watumiaji, huwa na mawakili wake humo. Hoja za mawakili hao hupata uzito pale tume inapokuwa na maoni ya wateja wanaoeleza wanavyochagua kati ya kulipa umeme na kununua dawa.

Dhana: Mimi si raia, sina sauti

Kupiga kura, hapana. Asiye raia asijiandikishe hata akishawishiwa, maana linaweza kumharibia makaratasi yake yote. Zaidi ya hapo, milango iko wazi. Mbunge wa eneo lako anawawakilisha wakazi wote, na unaweza kumwandikia au kwenda ofisini kwake. Tume ya umeme haiulizi uraia kwa anayetoa maoni.

Makanisa, misikiti na vyama vyetu vya kuzikana navyo vinaogopa bila sababu. Taasisi isiyolipa kodi imekatazwa kumpigia debe mgombea. Kuzungumzia muswada imeruhusiwa, mradi isiwe sehemu kubwa ya kazi zake. Mchungaji au imamu anaweza kusimama na kusema tunataka hewa ya mtaa huu ipimwe.

Kisha kuna njia ambayo wengi hawajaisikia. Muswada unapofika kamati, tovuti ya bunge la jimbo hufungua fomu ya mashahidi. Unaandika jina, anwani na kikundi chako kama kipo, unachagua kuunga mkono au kupinga, kisha unatia alama kwamba husemi kwa mdomo, unataka tu kuhesabiwa. Jina lako litaonekana hadharani, kwa hiyo mwenye kesi ya ukimbizi inayosubiri aongee kwanza na wakili wake. Wanakamati wanazitazama hesabu hizo, na wanaharakati wa pande zote huzikusanya kwa bidii kabla ya kikao.

Kikao kikuu cha Springfield huanza Januari na kumalizika 31 Mei. Kuna maseneta 59 na wawakilishi 118, na wawili kati yao ni wako, mmoja katika kila bunge. Majina yao yanapatikana kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo ukiingiza anwani ya nyumba yako, ileile iliyoandikwa juu ya bili ya umeme.